Sauti, maandishi au picha? Jinsi ya kuzipima njia za kufundishia kwa somo lako mwenyewe

Kila kikao cha kuandaa masomo hufika mahali mtu akauliza: hili tulirekodi, tuliandike, au tulichore? Mara nyingi anayejibu ni mwenye kipaza sauti kizuri, au yule anayejua kutengeneza slaidi. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mkufunzi au mwandaaji wa kozi anayetaka kulijibu swali hilo kwa kupima.

Unahitaji somo moja fupi, wanafunzi kama 12, saa ya kupimia muda, na wiki mbili. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: jinsi moyo unavyosukuma damu. Nimelichagua somo hili kwa sababu lina ramani (vyumba vinne na mishipa yake), lina mwendo (vali zinazofunguka na kufunga), lina sababu zinazohitaji kuelezwa, na lina sauti yake lenyewe.

Hatua ya 1: Achana na "aina za wanafunzi"

Huenda umewahi kujaza dodoso la kukuambia kama wewe ni mwanafunzi wa kuona, wa kusikia, wa kusoma au wa kutenda. Mpangilio huo wa makundi manne ulienezwa na Neil Fleming na Colleen Mills kuanzia mwaka 1992, na hadi leo unatumika katika mafunzo mengi ya walimu.

Dai lenyewe linapimika. Kama ni kweli, "mtu wa kuona" anapaswa kufanya vizuri zaidi akifundishwa kwa picha, na "mtu wa kusikia" akifundishwa kwa sauti, wote wakifanya mtihani uleule. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi wa namna hiyo. Zilizokuwa zimepima dai hilo ipasavyo zilikuwa chache mno, na baadhi yake zilitoa matokeo yanayolipinga moja kwa moja. Watu wana mapendeleo, hilo halina ubishi. Mimi mwenyewe hupenda kusoma kuliko kusikiliza. Lakini kupenda njia fulani hakumaanishi kwamba ndiyo inayokufundisha vizuri.

Tupa pia ile slaidi inayosema mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 20 ya anachosikia, asilimia 30 ya anachoona, na kuendelea. Huwekwa juu ya pembetatu ya njia za kujifunzia aliyoichora Edgar Dale mwaka 1946, ilhali Dale hakuandika asilimia yoyote pale. Zilibandikwa baadaye na watu wengine. Ukitazama jinsi zinavyopanda kwa makumi kamili utajua hazikutoka kwenye kipimo chochote; watu halisi hawasahau kwa namba za mviringo.

Hatua ya 2: Andika mwanafunzi ataweza kufanya nini

Sentensi moja, au tatu kwa wingi. Kwa somo la moyo niliandika: ataweza kufuata njia ya damu kutoka mwilini hadi irudi mwilini, ataitambua midundo miwili ya moyo na kusema kila mmoja unatokana na nini, ataeleza kwa nini ukuta wa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Usiandike "ataelewa moyo". Kuelewa hakupimiki mpaka useme kutaonekana katika kitendo gani.

Hatua ya 3: Kagua umbo la mada

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kabla ya kuuliza mwanafunzi anataka nini, uliza mada inataka nini. Chukua kila sentensi uliyoandika katika hatua ya 2, ujaribu kuifikiria kwa njia zote tatu.

Anza na maandishi. Nguvu yake kubwa ni kwamba yanakaa. Msomaji huenda kwa mwendo wake, hurudi nyuma bila kumwomba mtu ruhusa, huruka anachokijua. Kwa hiyo maandishi ni bora kwa hoja ndefu, fasili, namba, masharti na mambo ya "isipokuwa". Sababu ya ukuta wa kushoto kuwa mnene hukaa vizuri katika aya moja: chumba cha chini cha kulia hupeleka damu kwenye mapafu tu, yaliyo jirani, ilhali cha kushoto huisukuma mwili mzima, kwa hiyo msuli wake hufanya kazi nzito zaidi. Ila jaribu sasa kuandika njia nzima ya damu kwa maneno matupu, kisha uhesabu umetumia "kushoto", "kulia", "juu" na "chini" mara ngapi. Yakizidi matano katika aya moja, mada inaomba mchoro.

Sauti ni kama maji, ikimwagika haizoleki. Msikilizaji lazima ashikilie alichosikia sekunde ishirini zilizopita huku akipokea kinachoendelea. Wayne Leahy na John Sweller waliandika kuhusu tatizo hili mwaka 2011: maelezo marefu na magumu yakitolewa kwa sauti, faida ambayo sauti ingekuwa nayo hupotea, kwa sababu habari inapita kabla akili haijamaliza kuishughulikia. Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kwamba akili hushikilia vitu vipya vinne hivi kwa wakati mmoja. Ukimtajia msikilizaji vyumba vinne, vali nne na mishipa minne mikubwa kwa pumzi moja, umemwaga. Nayasema haya kwa aibu kidogo. Niliwahi kurekodi somo la dakika 40 lililojaa majina ya namna hiyo, na nilipouliza maswali mwishoni wanafunzi walikumbuka mzaha niliouanza nao.

Lakini kuna vitu ambavyo sauti haina mshindani. Cha kwanza ni pale sauti yenyewe ndiyo mada. Mdundo wa moyo, ule wa "lab-dab", huwezi kuuchora mtu akausikia. Ndivyo ilivyo pia kwa matamshi: mgeni wa Kiswahili anaweza kusoma ukurasa mzima juu ya tofauti ya "ng'" ya ng'ombe na "ng" ya ngoma, asiipate mpaka aisikie mara kumi. Cha pili ni pale macho na mikono vina kazi nyingine. Cha tatu ni mkazo: msemaji akipunguza kasi penye ugumu, akainua sauti penye jambo kuu, amempa msikilizaji dira ambayo maandishi huitafuta kwa wino mzito. Na maneno yenye vina na mizani hukaa kichwani kuliko nathari. Mpangilio wa hatua tano unaweza kushikwa kwa ubeti mmoja.

Picha huonyesha uhusiano wa vitu vyote kwa mara moja. Ukitazama mchoro wa moyo unaona papo hapo kwamba pande mbili zimetenganishwa na ukuta, jambo ambalo kwa maneno lingekula sentensi tatu. Udhaifu wake ni kwamba picha haiwezi kusema "hapana", "kwa sababu" wala "mara nyingine". Tena hudanganya kimyakimya. Katika mchoro wa kawaida wa moyo, upande wa kulia wa moyo uko kushoto kwa ukurasa, maana umechorwa kama wa mtu aliyekukabili. Upande wenye damu isiyo na oksijeni nyingi hupakwa rangi ya bluu, na wanafunzi huondoka wakiamini mwilini mna damu ya bluu. Damu hiyo ni nyekundu iliyokolea tu. Makosa yote mawili huondolewa na sentensi moja ya maandishi au ya sauti, na hakuna kiasi cha uhodari wa kuchora kinachoweza kuyaondoa.

Video na uhuishaji, yaani michoro inayotembea, wengi hudhani ndio kilele. Mwaka 2005 Richard Mayer na wenzake walilinganisha uhuishaji wenye msimulizi na michoro tuli yenye maandishi, wakifundisha jinsi radi inavyotokea, tangi la choo linavyofanya kazi, mawimbi ya bahari yanavyojengeka na breki za gari zinavyoshika. Michoro tuli ililingana na uhuishaji au ikaushinda. Kwa upande mwingine, Tim Höffler na Detlev Leutner walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2007 walikuta uhuishaji una faida, na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika kujifunza vitendo vya mwili. Hapo pana kipimo kizuri: kama mwanafunzi atatakiwa kufanya kitu kwa mikono yake, kama kufunga fundo au kufunga bendeji, mwonyeshe mikono ikienda. Kama anatakiwa kuelewa kitu kinavyofanya kazi, michoro mitatu iliyofuatana inaweza kumtosha, naye atabaki na nafasi ya kujiuliza mwenyewe kilichotokea kati ya mmoja na mwingine.

Hatua ya 4: Angalia nani ataachwa nje

Hii haihitaji utafiti. Asiyeona hafaidiki na mchoro usioelezwa kwa maneno. Asiyesikia hafaidiki na rekodi isiyo na manukuu. Asiyesoma vizuri, au anayesoma kwa lugha ya pili, huzama katika aya ndefu. Usitegemee rangi pekee kutofautisha mishipa, kwani kuna wasioitofautisha nyekundu na kijani; weka pia herufi au mistari tofauti. Na faili la video ni zito kuliko la sauti, la sauti ni zito kuliko la maandishi. Mwanafunzi asiyeweza kulipakua hakufundishwa kwa njia yoyote.

Kama njia moja inamfungia mtu mlango kabisa, ulinganisho umekwisha kwa mtu huyo. Mpe inayomfungulia.

Hatua ya 5: Tengeneza matoleo matatu yenye kilekile

Ligawe somo katika sehemu tatu zinazokaribiana kwa uzito. Mimi niligawa hivi: A, njia ya damu; B, vali na midundo; C, shinikizo na unene wa kuta. Kila sehemu iandike kwanza kama orodha ya mambo, tuseme manane, ambayo lazima yawemo katika kila toleo. Hapa ndipo walinganishaji wengi huharibu: hufanya video ya dakika sita yenye mifano mitano, kisha huilinganisha na nusu ukurasa wa maandishi makavu, halafu hutangaza kwamba video imeshinda. Kilichoshinda ni mifano.

Toleo la picha ruhusa liwe na majina ya sehemu na mishale, kwani mchoro usio na neno hata moja ni fumbo.

Kuhusu muda, usilazimishe ulingane. Watu wazima husoma kimya kwa haraka kuliko msemaji anavyosema. Kwa Kiingereza, Marc Brysbaert alikadiria mwaka 2019 wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya kubuni, na msomaji wa rekodi aghalabu huwa karibu na 150. Usizichukue namba hizo kwa Kiswahili. "Hatutawaonyesha" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni sentensi. Wape maandishi wanafunzi wawili, uwashikie saa, ujue. Kisha andika muda wa kila toleo pembeni, kwa sababu njia iliyofundisha sawa na mwenzake kwa nusu ya muda imeshinda.

Hatua ya 6: Zungusha makundi

Kumpa kundi moja sauti, jingine maandishi na jingine picha kunaleta tatizo: labda kundi la tatu lilikuwa na wanafunzi waliosoma zaidi tangu mwanzo. Dawa ni kuzungusha. Kundi la kwanza lipate A kwa sauti, B kwa maandishi, C kwa picha. La pili lipate A kwa maandishi, B kwa picha, C kwa sauti. La tatu A kwa picha, B kwa sauti, C kwa maandishi. Sasa kila mwanafunzi amepita njia zote tatu na kila sehemu imefundishwa kwa njia zote tatu.

Wapange kwa kura. Ukijua watatu kati yao wameshasoma habari za moyo, watawanye, mmoja kila kundi. Kwa sauti, wakae wasikilize bila kufanya kitu kingine, na useme mapema kama wanaruhusiwa kurudisha nyuma. Mimi huruhusu, kwa sababu nyumbani watarudisha.

Hatua ya 7: Pima mara mbili, na usiulize "umeipenda?"

Tunga maswali matano kwa kila sehemu. Mawili yawe ya kukumbuka, mawili ya kueleza sababu, na moja la kupeleka elimu mahali papya. Mfano wa hili la mwisho: vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto ikishindwa kufunga vizuri, damu itarudi wapi, na kiungo gani kitaanza kuelemewa? Anayejibu kwamba itarudi chumba cha juu cha kushoto na kuelemea mapafu ameishika ramani. Maswali ya kuchora yasizidi ya kuandika, la sivyo utakuwa umeipendelea njia moja kabla ya kuanza.

Uliza mara moja baada ya somo, kisha uliza tena baada ya wiki. Usiruke mara ya pili. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jinsi kipimo cha haraka kinavyopotosha: waliosoma habari na kuisoma tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki walipitwa na wale ambao, badala ya kurudia kusoma, walijaribu kuikumbuka. Kutokana na hilo hilo, jaribio lako la kwanza nalo litawafundisha. Kwa hiyo waulize nusu ya maswali siku ya kwanza, na nusu nyingine uiweke kwa wiki ijayo. Ukifanya hivyo tunga kumi kwa kila sehemu ili yabaki matano kila mara.

Kuhusu kupenda, uliza ukitaka, ila weka majibu kwenye karatasi nyingine. David Daniel na William Woody waliripoti mwaka 2010 kwamba wanafunzi waliopata habari kwa podikasti walifanya vibaya katika jaribio kuliko waliosoma habari hiyohiyo, ingawa podikasti iliwavutia kabla ya kuijaribu. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake walikuta watu wazima waliosikiliza, waliosoma, na waliofanya yote mawili kwa pamoja hawakutofautiana kiasi cha kujali katika majibu yao. Usishangae tafiti kugongana: mada, urefu na mazingira hubadilisha jibu, na ndiyo sababu unapima la kwako.

Hatua ya 8: Soma matokeo bila kujidanganya

Kwa wanafunzi 12 na maswali matano kwa kila sehemu, kila njia itakuwa na majibu 60 kwa jumla na 20 kwa kila sehemu. Tofauti ya majibu mawili au matatu kati ya 20 ichukulie kama bahati. Mtu mmoja aliyelala vibaya amebeba majibu matano peke yake. Ikiwa ni 17 dhidi ya 8, kaa chini utazame.

Usianze na jumla. Anza na sehemu, kisha aina ya swali. Ni kawaida jumla zikaribiane kabisa huku ndani yake picha ikiongoza katika njia ya damu na maandishi yakiongoza katika sababu. Soma pia majibu yaliyokosewa. Ukiona watatu wa kundi moja wamegeuza kushoto na kulia, tatizo ni ule mchoro wako, na unarekebishika kwa mstari mmoja.

Hatua ya 9: Changanya, kwa kipimo

Baada ya kupima, karibu kila mara utaishia kuchanganya. Alan Baddeley na Graham Hitch, mwaka 1974, walieleza kwamba kumbukumbu tunayofanyia kazi ina sehemu inayoshughulika na maneno na nyingine inayoshughulika na vinavyoonekana. Kila moja ina kikomo chake, kwa hiyo mzigo ukigawanywa unabebeka. Lakini mgawanyo una masharti.

Mchoro uende na msimulizi, au na maandishi mafupi kandokando ya sehemu husika. Maandishi yakikaa chini ya ukurasa na mchoro juu, jicho hupanda na kushuka, na mshika mbili moja humponyoka. Msimulizi asisome neno kwa neno maandishi marefu yaliyo kwenye slaidi. Mwanafunzi husoma kwa mwendo mmoja na kusikia kwa mwingine, na hupoteza yote mawili. Wasiosikia na wanaojifunza kwa lugha ngeni ni jambo jingine, hao manukuu huwasaidia. Majina mapya ya kitaalamu pia yaandikwe yanapotamkwa.

Ondoa mapambo: muziki wa nyuma, katuni inayopunga mkono pembeni, picha ya kuvutia isiyohusika. Macho hayana pazia, yatakwenda yanakovutwa. Kama ni video, ikate vipande. Philip Guo na wenzake walipochambua mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, waliona video fupi, za chini ya dakika 6, ndizo zilizoshikilia watazamaji zaidi.

Na kinachomsaidia anayeanza kinaweza kumkwaza aliyekwisha kujua. Slava Kalyuga na wenzake walilieleza hilo mwaka 2003. Muuguzi mwenye uzoefu ukimsimulia mchoro wa moyo neno kwa neno, unamzuia kufikiri. Mwachie mchoro peke yake.

Somo langu la moyo liliishia hivi: mchoro mmoja wenye namba za njia ya damu, ukisimuliwa kwa dakika tatu; sekunde 30 za midundo yenyewe, skrini ikiwa tupu isipokuwa neno la vali inayofunga wakati huo; kisha ukurasa mmoja wa maandishi juu ya shinikizo na unene wa kuta, wa kusoma kwa utulivu. Ile sentensi ya kushoto na kulia nimeiweka juu ya mchoro, kwa sababu ilipokuwa chini yake wanafunzi waliifikia wakiwa wameshakosea.